Kutoka Viwandani hadi Grogan: Nani ashike spana ya pikipiki yako?

Na MWANDISHI WETU

UKITOKA eneo la Viwandani jijini Nairobi ukielekea Barabara ya Kirinyaga, ambayo wenyeji hata leo huiita Grogan, safari yako haitafika kilomita tano. Lakini kwa mtu mwenye pikipiki, ncha hizo mbili za safari ni kama nchi mbili tofauti. Kule Viwandani pikipiki hupokelewa kwa karatasi na kalamu. Huku Grogan hupokelewa kwa salamu na spana.

Na kuna mahali pa tatu ambapo wengi hupasahau, napo ni ua wa nyumba yako mwenyewe.

Swali linaloulizwa siku hizi katika familia nyingi za mjini ni hili: Je, pikipiki yetu tuipeleke kwa wakala aliyetuuzia, tumpe fundi wa jua kali, au tujifunze kuitunza wenyewe? Swali hili si la waendeshaji bodaboda pekee. Yuko mwanafunzi wa chuo anayetoka Githurai kila asubuhi kwa pikipiki ya kaka yake. Yuko mama aliyechukua mkopo wa chama akamnunulia mwanawe pikipiki ili apate riziki. Yuko mwalimu aliyechoshwa na foleni za matatu. Wote hawa wana kitu kimoja. Pikipiki ikilala, kuna mtu nyumbani atakayelala njaa au kuchelewa kazini.

Basi, msomaji, tuifuate njia hiyo hatua kwa hatua.

KWA WAKALA

Viwandani ndiko ziliko karakana nyingi za mawakala wanaouza pikipiki zinazotoka India, Japani na China. Ukiingia katika moja ya karakana hizo utaona sakafu iliyofagiwa, spana zilizopangwa ukutani kwa ukubwa wake, na pikipiki iliyopandishwa juu ya meza ya chuma ili fundi asiumize mgongo kwa kuinama. Karani huandika nambari ya usajili, kilomita ulizoenda na malalamiko yako. Kisha wewe huonyeshwa benchi la kungojea.

Mwenye pikipiki hulipia nini hasa hapo? Kwanza hulipia dhamana. Pikipiki mpya huja na kijitabu, na wakala hukubali kurekebisha kasoro za kiwandani kwa muda au kwa kilomita zilizoandikwa humo, mradi tu kila huduma ifanyike kwa wakati na kijitabu kigongwe muhuri. Mara nyingi huduma za mwanzo huwa bila malipo ya ufundi, na mteja hugharamia oili na vipuri tu. Huduma ya kwanza huja mapema, kwa kawaida kati ya kilomita 500 na 1,000. Sababu yake ni kwamba vyuma vya injini mpya vinaposuguana ili vizoeane, hutoa chembechembe za chuma, na oili hiyo ya kwanza ndiyo inayozibeba. Ukichelewa kuimwaga, chembe hizo huendelea kuzunguka ndani.

Pili, hulipia vifaa ambavyo mtu wa kawaida hana. Kwa mfano, iko spana inayopima nguvu ya kukaza, ili boliti za kichwa cha injini zikazwe zote sawasawa. Hicho si kifaa cha kununuliwa na mtu mwenye pikipiki moja.

Tatu, hulipia kumbukumbu. Siku ukitaka kuuza pikipiki yako, kijitabu chenye mihuri ni ushahidi mbele ya mnunuzi.

Hata hivyo, kuna upande wa pili. Karakana ya wakala ina foleni, na wakati mwingine nusu ya siku huishia pale benchini. Isitoshe, katika karakana nyingi mteja haruhusiwi kuvuka kaunta. Huletewa bili na pikipiki iliyooshwa, naye huondoka bila kujua ni boliti gani iliyoguswa na ni ipi iliyoachwa.

NJIANI

Ukiiacha Viwandani kwa Barabara ya Lusaka, unafika kwenye uwanja wa mpira ambao wazee wanaujua kwa jina la City, na ambao sasa una jina la mchezaji mashuhuri Joe Kadenge. Hapo unaingia Barabara ya Landhies, unapita soko la Muthurwa na stendi ya mabasi ya Machakos. Sehemu hii yote ni ya bodaboda. Wamejipanga makundi makundi, makoti ya kuakisi mwanga yamefifia rangi kwa jua, wakiwaita abiria wenye magunia na masanduku.

Kazi hii ina historia. Ilianzia Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Wakati huo vijana walitumia baiskeli kuwavusha watu na mizigo kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, nao waliita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, "boda, boda!" Baiskeli ndizo zilizotawala hadi Serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini ya chini ya cc 250, karibu mwaka wa 2008. Tangu hapo pikipiki zikamiminika nchini, mjini na mashambani.

Lakini pamoja na pikipiki hizo ukaja mtindo mmoja unaostahili kuangaliwa. Wengi wa wanaoendesha si wenye mali. Mwenye pikipiki yuko nyumbani au ofisini akingojea hesabu ya jioni, naye mwendeshaji yuko barabarani akitafuta hesabu hiyo pamoja na chake. Petroli humhusu mwendeshaji, nayo matengenezo makubwa humhusu mwenyewe. Je, cheni, breki na oili ni za nani? Kama jambo hilo halikuzungumzwa siku ya kwanza, kila mmoja hudhani ni la mwenzake.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Tuseme kitabu cha pikipiki kinaagiza oili ibadilishwe kila kilomita 3,000. Mwalimu anayekwenda kilomita 15 kwa siku, siku tano kwa wiki, atazifikisha baada ya wiki 40. Mwendeshaji bodaboda anayekwenda kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, atazifikisha kwa wiki tano tu. Mwalimu anaweza kumudu kwenda Viwandani kila mara. Huyu wa pili akienda kila inapohitajika, atakuwa amejifukuza kazi mwenyewe. Ndiyo maana wengi wao huendelea na safari hadi Grogan.

GROGAN

Barabara hii ilipewa jina la Ewart Grogan, yule mlowezi Mwingereza aliyesifika kwa kusafiri kutoka Cape hadi Cairo, safari aliyoimaliza mwaka wa 1900. Baada ya uhuru jina likabadilishwa kuwa Kirinyaga, lakini makanika hawakubadilisha ndimi zao. Ukisema unakwenda Grogan, kila mtu ajua unatafuta vipuri.

Na vipuri vipo! Madukani zimening'inia cheni, tyubu, taa, vioo na nyaya za klachi kama soseji kwenye bucha. Nje, kando ya barabara na kwenye miteremko ya kuelekea Mto Nairobi, mafundi wameketi juu ya mitungi na matairi makuukuu, mikono imeloa oili hadi viwikoni. Hawana meza ya chuma wala kaunta, na hakuna anayekufukuza. Unasimama palepale, unaangalia kila kinachofanywa, na ukiuliza swali unajibiwa. Kwa anayetaka kujifunza, hapa ni chuo kisicho na karo.

Tulimkuta fundi mmoja, mtu mzima, akiitazama pikipiki ya kijana wa miaka ishirini na kidogo. Cheni ilikuwa imelegea hata inapiga kikinga chake, nayo imekauka na kushika kutu.

"Kijana, cheni hii iliona oili lini mara ya mwisho?" fundi akauliza.

"Mzee, mimi hupeleka hesabu tu. Pikipiki ni ya shangazi."

"Na shangazi anajua iko hivi?"

Kijana akanyamaza. Fundi akamwonyesha kwa kidole meno ya gurudumu la cheni. Yalikuwa yamechongoka na kulala upande mmoja kama mapezi ya papa. Yakishafika hapo, cheni peke yake haibadilishwi. Hubadilishwa pamoja na magurudumu yote mawili ya meno, la mbele na la nyuma, kwani cheni mpya juu ya meno yaliyolika huharibika upesi. Yaani, uzembe wa matone machache ya oili ulikuwa umegeuka kuwa bili ya vifaa vitatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na hasara ya pesa ndiyo ndogo. Cheni ikikatika katika mwendo inaweza kujikunja na kulifunga gurudumu la nyuma, na aliyekaa nyuma ya kijana huyo huenda ni mama mwenye mtoto mgongoni.

Grogan nayo ina mitego yake. Vipuri bandia hupatikana bega kwa bega na vile halisi, vikiwa na maandishi yaleyale na karatasi zilezile za kung'aa. Nunua katika duka litakalokupa risiti, linganisha kifaa kipya na kile cha zamani kwa uzito na kwa umbo, na kitilie shaka chochote ambacho bei yake ni nusu ya maduka mengine. Cha zamani kikitolewa, kidai, ni chako. Ukikaa nacho mkononi, hakuna atakayekiosha na kukurudishia kikiwa "kipya".

Tena usimwache fundi wa kando ya barabara afungue injini eti kwa sababu "inalia kidogo". Muulize kwanza, inalia wapi, na kwa nini anadhani ni hapo? Fundi mwema atakueleza. Asiyeweza kueleza, funga mkoba uende zako.

UA WA NYUMBANI

Sasa turudi nyumbani, maana kazi nyingi zinazowapeleka watu Viwandani na Grogan zingeweza kumalizika pale uani, Jumamosi asubuhi, kabla chai haijapoa. Vifaa vinavyotakiwa ni spana chache zinazolingana na boliti za pikipiki yako, spana ya plagi, bisibisi, brashi kuukuu, kitambaa, beseni na kitabu kilichokuja na pikipiki. Kitabu hicho ndicho chombo cha kwanza. Vipimo vyote tutakavyotaja hapa ni vya pikipiki ndogo za kawaida, na kitabu chako ndicho hakimu.

Oili. Iangalie kila wiki. Simamisha pikipiki wima kwenye stendi ya katikati, mahali tambarare, baada ya injini kuzimwa na kutulia dakika chache. Ikifika wakati wa kubadilisha, imwage ikiwa vuguvugu ili ishuke na uchafu wake. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 huchukua takriban lita moja. Usitie oili yoyote ya gari. Katika pikipiki nyingi klachi inaogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Tafuta mkebe wenye alama ya JASO MA. Boliti ya kumwagia nayo usiikaze kwa hasira, kwa kuwa chini ya injini ni aluminiamu na thredi zake zikilika, hapo ndipo utakapomjua wakala vizuri.

Cheni. Injini ikiwa IMEZIMWA, isafishe kwa brashi na mafuta ya taa, ikaushe kwa kitambaa, kisha uipake oili nzito huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Kamwe usiiwashe injini ili cheni ijizungushe yenyewe, kwani vidole vimeshapotea kwa njia hiyo. Ukiibonyeza katikati, ipande na kushuka kama sentimita mbili hadi tatu. Ikikazwa mno nayo huumiza beringi.

Plagi. Ifungue injini ikiwa baridi. Ncha yake ikiwa na rangi ya kahawia kama biskuti, injini inachoma petroli vizuri. Ikiwa nyeusi kwa masizi, huenda kichujio cha hewa kimeziba au petroli ni nyingi mno. Ikiwa nyeupe, injini inapata joto kupita kiasi, na hapo tafuta ushauri.

Kichujio cha hewa. Katika mitaa yenye vumbi kama Kayole au Njiru hujaa haraka. Kile cha sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, kikakaushwa, kikatiwa oili kidogo na kukamuliwa. Kile cha karatasi hakioshwi, hubadilishwa.

Breki. Kwenye breki za ngoma kuna kishale kidogo pembeni mwa gurudumu. Kanyaga breki ukitazama. Kishale kikifika kwenye alama, viatu vya breki vimekwisha, na hakuna kurekebisha tena, ni kubadilisha. Usipulize vumbi la breki kwa mdomo, wala usiruhusu tone la oili liguse mahali hapo.

Mwisho, pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa baridi, na gonga spoki moja moja kwa spana. Iliyokazwa hutoa mlio mkali, nayo iliyolegea hutoa mlio mzito. Mtoto wa shule anaweza kufanya kazi hii, na kwa kweli ataifurahia. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.

MPAKA WA SPANA

Lakini kujua kazi ni pamoja na kujua mahali pa kuweka spana chini. Kama dhamana haijaisha, usifungue kitu chochote kinachoweza kuivunja. Soma masharti kwanza, kisha uwaachie wakala huduma zote zinazohitaji muhuri. Kazi za kila wiki, yaani cheni, upepo, usafi na kuangalia oili, ni zako hata wakati huo, na kwa kweli kitabu chenyewe hukuagiza uzifanye.

Kufungua injini, kubadilisha pistoni na ringi, kupanga gia na kutengeneza mitambo ya kielektroniki inayopulizia petroli katika pikipiki za kisasa ni kazi za fundi mwenye vifaa. Breki za majimaji pia zinahitaji mtu aliyefundishwa, kwa sababu hewa ikibaki ndani ya bomba, mkono wa breki utalegea siku utakapouhitaji zaidi. Kurekebisha nafasi ya valvu kuko katikati. Vipimo vyake ni sehemu ndogo sana za milimita, na mtu makini anaweza kujifunza kwa kusimama karibu na fundi mara mbili tatu. Pikipiki za umeme ambazo sasa zinaonekana Nairobi hazina oili ya injini wala plagi, lakini breki na matairi ni yaleyale. Betri yake usiifungue kamwe.

Kuna jambo jingine ambalo wanaojitengenezea nyumbani husahau. Oili chafu isimwagwe mferejini. Mfereji wa mtaani huishia mtoni, na mto uleule unaopita chini ya Grogan huendelea hadi kwa watu wanaonyunyizia mboga ambazo wewe utazinunua sokoni. Iweke katika mtungi wenye kifuniko, ipelekee gereji au kituo cha petroli kinachokusanya oili iliyotumika.

HESABU YA MWISHO

Baada ya safari hii, je, ni nani ashike spana? Mtu anayejitengenezea huokoa pesa za ufundi, lakini faida kubwa si hiyo. Faida kubwa ni kwamba ameiona. Anayeipaka cheni oili kila Jumamosi huona meno yanapoanza kuchongoka, huona boliti iliyopungua, huona tairi lililopasuka ubavuni. Akienda Viwandani, huenda kwa jambo analolijua, naye karani hawezi kumwandikia asichohitaji. Akienda Grogan, fundi humjua kwa maswali yake. Kwa hivyo kazi ya uani haiwafukuzi wakala na fundi. Huwaweka mahali pao.

Kwa wale wanaogawana pikipiki, kama yule kijana na shangazi yake, dawa ni mkutano wa nusu saa. Kaeni chini muandike nani hununua oili, nani hulipia cheni, na siku gani ya wiki pikipiki hupumzika ikaguliwe. Sehemu ndogo ya hesabu ya kila siku iwekwe kando kwa matengenezo kabla haijaingia mfuko wa mtu yeyote. Pikipiki isiyo na akiba ya vipuri inakula mtaji wake yenyewe.

Kesho asubuhi, abiria atapanda pikipiki hiyo pale Muthurwa au Githurai akielekea kazini. Hatauliza kama ilitengenezwa kwa wakala, Grogan au uani. Atashika nyuma, atasema anakokwenda, na kuamini kwamba kuna mtu aliyezitazama breki. Hakikisha, msomaji, kwamba kweli kuna mtu aliyezitazama.